Spea Kuingia Si Kupatana: Dhana Potofu Kuhusu Vali za Pikipiki za Zamani

Nitaitumia kama mfano Triumph Bonneville T120, pikipiki ya Kiingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, kwa sababu wengi wanaoifufua hununua kemshafti (mhimili unaozunguka wenye nundu za kufungulia vali) kwa muuzaji mmoja, tapeti (kipande kinachoinuliwa na nundu hizo) kwa mwingine na springi za kufunga vali kwa wa tatu.

Dhana: Tapeti yoyote inayoingia kwenye tundu lake inafaa.

Injini ya T120 ina kemshafti mbili, moja ya vali za kuingizia na nyingine ya vali za kutolea moshi, na nundu zake zilichongwa kwa kuzingatia umbo la uso wa tapeti. Ziko tapeti ambazo uso wake umepinda kwa rediasi ya inchi 3/4, yaani takriban milimita 19, na ziko za inchi 1 1/8, takriban milimita 28.6, ukizishika mkononi si rahisi kuzitofautisha. Hata hivyo, yenye rediasi kubwa huanza kuinuka mapema na huchelewa kushuka, hivyo vali hukaa wazi kwa muda mrefu zaidi, ingawa kimo cha juu cha kufunguka hakibadiliki. Fundi anayepima kimo hicho peke yake ataona mambo yako sawa, kisha atahangaika na kabureta akitafuta kwa nini injini haitulii inapozunguka polepole bila kupewa mafuta (sailensa). Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa linalostahili kuogopwa kuliko yote, kwa kuwa halipigi kelele.

Dhana: Springi ngumu zaidi ndiyo bora.

Kwa pikipiki ya safari za kawaida, ugumu wa ziada huishia kuzila nundu na tapeti. Zaidi ya hayo, vali inapofunguka hadi mwisho, mizingo ya springi haina budi kubakiwa na nafasi ya jumla ya angalau milimita 1.5, na kisahani cha springi kisiiguse gaidi ya vali, yaani bomba dogo ambamo shina la vali huteleza. Nafasi hiyo ikikosekana pushrodi, yaani ufito unaopeleka msukumo wa tapeti juu kuelekea vali, hupinda, na lawama huangukia pushrodi isiyo na hatia.

Dhana: Urefu wa spea ukitofautiana, skrubu ya roka (mkono unaoisukuma vali) itafidia.

Skrubu hurekebisha tu uwazi kati ya roka na vali, ambao kwa T120 yenye kemshafti za kiwandani ni milimita 0.05 kwa vali ya kuingizia na 0.10 kwa ya kutolea, injini ikiwa baridi. Haiwezi kurudisha pembe ya roka iliyoharibiwa na vali ndefu kupita kiasi au kemshafti iliyochongwa upya. Roka ikiisukuma vali kwa ubavu, gaidi hulika upande mmoja, na oili hupenya hadi ndani ya silinda.

Kabla ya kufunga injini kabisa, hakikisha vali hazigongi pistoni: bandika udongo laini wa kufinyangia juu ya pistoni, funga hedi kwa gasketi yake, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kisha fungua na upime udongo pale ulipobonyea zaidi.