Mtaji wa nje sio lazima utoke Dubai

Malalamiko ya dhamana za mikopo yamezidi hapa dawati la usajili, kampuni inakopa leo baada ya miezi mitatu inakuja imechanganyikiwa, so naona bora tuelezane mapema.

Kwanza mtaji wa nje maana yake nje ya kampuni, sio nje ya nchi. Benki ya hapo Kariakoo ni nje, hisa mpya anazonunua shemeji yako ni nje, mzigo unaochukua kwa mali kauli nao ni nje. Ndani ni faida ambayo hamkugawana, gari la zamani mnaloliuza, stoo mnayoipunguza, na madeni mnayodai wateja.

Kwenye madeni ndo pana shida. Kampuni ya jumla hesabu zinaonyesha faida nzuri, mkurugenzi anataka kujenga godauni, kumbe akaunti haina kitu, hela yote iko kwa wenye maduka Mbagala na Tegeta. Faida sio keshi jamani! Kusanya hizo kwanza, kwanini ulipe riba wakati hela yako imekaa bure kwa mtu?

Ila usimalize keshi ya mzunguko kununua mashine ya kutumia miaka 5, mwisho wa mwezi mishahara itakushinda. Hapo kopa, mkopo uendane na umri wa mashine. Riba inatolewa kwenye mapato kabla ya kodi ya kampuni ya asilimia 30, gawio la wenye hisa halitolewi hivyo, linalipwa baada ya kodi. Hisa hazina riba lakini unagawana maamuzi.

Sasa ukiweka mali ya kampuni dhamana, isajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwenye mfumo wake wa mtandaoni wa ORS ndani ya siku 42, na zinahesabiwa tangu dhamana ilipowekwa, sio hela ilipoingia. Jukumu ni la kampuni, mkopeshaji anaruhusiwa kupeleka ila usimtegemee. Siku zikipita dhamana inakuwa batili dhidi ya mfilisi na wadai wengine, na deni linatakiwa kulipwa papo hapo. Deni halifutiki, wapo wanaodhani limefutika, hapana kabisa. Na ukimaliza kulipa leta taarifa kwamba deni limeisha, maana usipoleta rejista itaendelea kuonyesha mali imefungwa, na benki inayofuata ikipekua itaanza na hilo.