Jane Goodall hakuwa peke yake Gombe

Wengi wetu tumekua na picha moja: msichana wa Kiingereza, peke yake msituni Kigoma, na sokwe. Picha hiyo inapendeza, ila si kweli.

Alipoteremka ufukweni Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, Julai 1960 kuchunguza sokwe, Jane Goodall alikuwa na mama yake, Vanne, na mpishi. Serikali ya kikoloni ilikataa mwanamke kijana akae huko bila mwenzake. Mama huyo alifungua zahanati ndogo ya kuwatibu wavuvi, na wenyeji wakaanza kuwaamini wageni hao. Jane mwenyewe shahada hakuwa nayo. Udaktari wa falsafa aliupata Cambridge baadaye. Miezi michache tu tangu afike, alimwona sokwe dume akichokoa mchwa kichuguuni kwa kijiti. Ugunduzi huo, kwamba sokwe hutumia zana, ni wake kweli, na heshima yake haipungui.

Lakini kinachosahauliwa zaidi ni Watanzania. Januari 1974, Hilali Matama, Mtanzania aliyefanya kazi ya utafiti Gombe, ndiye aliyeshuhudia madume wa kundi moja wakimshambulia Godi, sokwe wa kundi jirani. Ndipo vita vya sokwe vilipoanza kujulikana. Mei 1975 waasi kutoka Zaire (sasa Kongo) walivuka ziwa wakateka watu wanne kwenye kituo cha utafiti, na watafiti wa kigeni wakaondoka. Kazi haikukatika. Watanzania waliendelea kupanda milima ile kila siku, wakiandika kwa Kiswahili nani kala nini, nani kazaa, nani kapigana. Bila madaftari yao, kumbukumbu za Gombe zingekuwa na pengo kubwa, na majina yao yanastahili kufundishwa shuleni pamoja na la Goodall.