Alama ya sungura kwenye chupa haisemi yote

Kazi yangu ni kutathmini usalama wa vipodozi na sabuni za nyumbani kabla hazijaingia sokoni. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: shampuu hii ilijaribiwa kwa wanyama? Wengi hutafuta jibu kwenye alama ya sungura, inayodai kwamba haikujaribiwa. Shampuu iliyokwisha kutengenezwa, yenye rangi na harufu yake, siku hizi ni nadra kupimwa kwa mnyama. Wanyama hutumika zaidi kupima viambato, kimoja kimoja, na mara nyingi vilipimwa zamani sana, kabla hata kampuni inayouza shampuu hiyo haijaanzishwa.

Hofu iliyozaa majaribio haya ilikuwa ya haki. Mwaka 1933 rangi ya kope iitwayo Lash Lure ilipofusha wanawake kadhaa huko Marekani, na sheria ya 1938 iliyoweka vipodozi chini ya usimamizi wa serikali ilichochewa na mikasa ya namna hiyo. Mwaka 1944 John Draize na wenzake katika mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo wakachapisha kipimo kilichotawala fani yetu kwa miongo mingi.

Katika kipimo hicho sungura mweupe huwekewa mililita 0.1 ya kitu kinachopimwa ndani ya kope la chini la jicho moja. Jicho la pili huachwa bila kitu ili liwe la kulinganishia. Mtaalamu hulikagua jicho baada ya saa 1, 24, 48 na 72, na lisipopona hufuatiliwa hadi siku 21. Kazi yake ni kutoa alama: konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, imefanya ukungu kiasi gani, mboni imebadilika vipi, ngozi laini ya ndani ya kope imevimba na kutoa ute kiasi gani. Alama za juu kabisa ni 110, na konea peke yake hubeba 80. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanyika bila ganzi.

Maumivu hayo yangetosha kunifanya nikipinge kipimo hiki, lakini hata kisayansi kina kasoro kubwa. Sungura ana kope la tatu ambalo sisi hatuna, na hutoa machozi machache, kwa hiyo kemikali hukaa jichoni mwake tofauti na inavyokaa kwetu. Tena alama hutegemea macho ya anayetazama. Mwaka 1971 watafiti Carrol Weil na Robert Scala walilinganisha matokeo ya maabara zaidi ya 20 zilizopewa vitu vilevile, wakakuta tofauti kubwa mno: kilichoonekana na baadhi kuwa kikali, wengine walikiona hakina neno. Pamoja na hayo kipimo kiliendelea. Kilichowatikisa wenye viwanda ni kampeni ya mtetezi wa wanyama Henry Spira ya mwaka 1980, iliyoifanya kampuni ya vipodozi ya Revlon itoe dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta njia mbadala.

Njia hizo sasa zipo, na ndizo ninazozitumia. Muwasho wa ngozi hupimwa kwa ngozi iliyokuzwa maabara kutokana na seli za binadamu. Seli hulishwa kwa chini na kuachiwa hewa kwa juu, nazo hujipanga tabaka kwa tabaka, la juu likikauka kama ngozi ya mkono. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Tunapaka kiambato, tunakiosha baada ya muda uliowekwa, tunasubiri saa 42, kisha tunaiweka ngozi kwenye rangi ya njano iitwayo MTT. Seli iliyo hai huigeuza rangi hiyo kuwa zambarau. Iliyokufa haifanyi kitu. Tunayeyusha zambarau hiyo, mashine inapima ukolezi wake. Seli zilizo hai zikiwa nusu au pungufu ukilinganisha na ngozi isiyopakwa kitu, kiambato kinaingia kundi la viwashaji. Hakuna anayekisia.

Sheria nazo zimesogea. Umoja wa Ulaya ulizuia kupima vipodozi vilivyokamilika kwa wanyama mwaka 2004, viambato vyake mwaka 2009, na tarehe 11 Machi 2013 ukafunga soko kwa vipodozi vipya vilivyopimwa hivyo popote duniani. China, iliyokuwa ikidai majaribio hayo kwa vipodozi vinavyotoka nje, ililegeza masharti kwa vile vya kawaida mwaka 2021.

Ila kuna mlango wa nyuma. Ulaya ina sheria nyingine, REACH, inayolinda wafanyakazi wa viwandani na mazingira dhidi ya kemikali. Kwa sheria hiyo kampuni ya Symrise ilitakiwa kufanya majaribio kwa wanyama juu ya vichujio viwili vya mwanga wa jua vinavyotumika katika vipodozi tu. Novemba 2023 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba katazo la vipodozi haliizuii REACH kudai majaribio hayo. Mfanyakazi anayemimina kemikali anastahili ulinzi, sibishi. Lakini mnunuzi aliyeambiwa mambo haya yaliisha mwaka 2013 hajaambiwa ukweli wote.

Upande wa sabuni na dawa za kusafishia nyumba ndio unaonisikitisha zaidi, kwa sababu katazo lile haliugusi, ilhali huku ndiko haja ya mnyama ilipo ndogo kabisa. Kimiminika chenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 2 au chini, au 11.5 au zaidi, huhesabiwa kuwa kinaunguza bila kumgusa sungura. Mchanganyiko ambao viambato vyake vinajulikana hupangwa kwa hesabu ya kiasi cha kila kimoja. Pagumu kweli ni madhara ya muda mrefu, kwa mfano kwa uzazi; huko hatujapata kipimo kimoja cha kuziba pengo, na hutegemea data za kemikali zinazofanana.

Kwa hiyo ukiandikia kampuni, iulize kuhusu wanaoiuzia viambato, na kama imeweka tarehe ambayo baada yake haikubali kiambato kilichopimwa upya kwa wanyama. Mpango wa Leaping Bunny, wenye alama ya sungura anayeruka na ulioanza 1996, hudai yote mawili, kwa vipodozi na kwa sabuni za nyumbani pia. Baadhi ya alama nyingine za sungura huchorwa na kampuni yenyewe, bila mtu wa nje kukagua lolote.