Umeharisha baada ya biskuti "zisizo na sukari"? Iache kwanza Flagyl

Maswali haya tunaulizwa kila wiki kliniki ya kisukari hapa Dar, mara nyingi na mtu ambaye tayari ameshameza dawa.

Hivyo vitamu visivyo sukari ni nini?
Sorbitoli, maltitoli, zailitoli na jamii yao. Kitaalamu huitwa alkoholi za sukari, lakini havilevyi, msiogope. Huwekwa kwenye biskuti, chokoleti, pipi na bigijii. Kwenye pakiti tafuta E420, E965 au E967.

Mbona tumbo linaunguruma hivi?
Sukari ya kawaida hufyonzwa haraka kwenye utumbo mwembamba. Hivi hufyonzwa polepole, tena sehemu tu. Kinachobaki huvuta maji ndani ya utumbo, kisha hushuka utumbo mpana, ambako bakteria wako wa siku zote hukichachusha na kutoa gesi. Maji hayo ndiyo kuharisha, gesi ndiyo mngurumo. Hakuna mdudu aliyeingia.

Nikila kiasi gani?
Sorbitoli ya gramu 10 hivi huwajaza gesi wengi, na gramu 20 kwa mkupuo huharisha wengi. Bigijii moja ina kama gramu 1 au 2, haina neno. Tatizo ni pakiti nzima kwenye foleni ya daladala kwa kuwa "haina sukari". Tumbo likiwa tupu ni vibaya zaidi, kwa hiyo mfungaji asifuturu kwa biskuti hizo. Erithritoli, ya jamii hiyo hiyo, ina nafuu, maana sehemu kubwa hufyonzwa na kutoka kwa mkojo.

Nimeenda chooni mara nne. Ninunue Flagyl?
Hapana. Flagyl huua amiba na baadhi ya bakteria, haiondoi sorbitoli. Acha hizo biskuti.

Lakini mara ile nilimeza Flagyl, nikapona.
Ulipona kwa sababu pakiti iliisha. Ungepona hata bila kidonge.

Muuzaji wa duka la dawa ndiye aliyenishauri.
Bado ni hapana, ndugu yangu. Alikupima choo? Alikuuliza umekula nini? Vidonge viwili leo, vitatu ukikumbuka kesho, ndivyo tunavyowafundisha vijidudu kuizoea dawa. Siku ukiihitaji kweli, huenda isifanye kazi. Usimeze Flagyl bila kupimwa. Na usimpe mtoto ile iliyobaki kabatini.

Nitajuaje kama ni vitamu tu?
Ukiviacha, kuharisha hukata ndani ya siku moja hivi. Vitamu havileti homa wala damu kwenye choo. Ukiona damu, homa, kutapika mfululizo, au choo cheupe kama maji ya mchele, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo. Usisubiri kesho, wala usipitie duka la dawa kwanza. Wakazi wa Dar wanaokumbuka mlipuko wa kipindupindu wa 2015 hawahitaji kuelezwa: kinaweza kuua ndani ya saa chache.

Ninywe ORS (ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini) na nina kisukari? Si ina sukari?
Kunywa! Wagonjwa wanaikataa kila mara, wanatufikia midomo imekauka na kichwa kinazunguka. Glukosi iliyomo ni kidogo, na ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Pakiti ya lita moja, weka kwenye lita moja ya maji safi, usikadirie kwa jicho. Endelea kupima sukari. Kama unatumia metformini, dawa ya kisukari, na unaharisha sana, wasiliana na kliniki siku hiyo hiyo uambiwe uifanyeje. Yenyewe pia huharisha baadhi ya watu, hasa mwanzoni.

Basi biskuti hizo nizile kwa kiasi gani?
Moja au mbili, baada ya chakula. Zina unga, na unga hupandisha sukari. Maltitoli nayo hupandisha, ingawa si kama sukari yenyewe. Ukitamani kitu kitamu, menya chungwa moja la Muheza ulile zima. Usilikamue juisi.