Soma karatasi kabla ya jina: kukusanya Der Sturm na majirani zake

Septemba 1912 jarida la Der Sturm la Berlin lilitoka likiwa na chapa ya ubao, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye ubao uliochongwa, ya mchoraji Franz Marc. Inaitwa "Versöhnung", yaani Upatanisho, na Marc aliichonga kwa ajili ya shairi la Else Lasker-Schüler lenye jina hilohilo. Aliyenunua toleo hilo hakununua picha ya kazi ya Marc, alinunua kazi yenyewe. Ubao uliochongwa na msanii ulipakwa wino, ukakandamizwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo ndiyo msomaji aliyokwenda nayo nyumbani, huku upande wa pili kukiwa na maandishi ya kawaida ya jarida.

Nakusanya machapisho ya usasa wa Ulaya, hasa ya Ujerumani kati ya 1905 na 1933: majarida, vitabu vya wasanii, katalogi za maonyesho, chapa za ubao. Wengi wanaoniandikia huanza na jina. Kandinsky ni bei gani? Kirchner anapatikana wapi? Mimi huwaomba waanze na swali jingine: karatasi hii ilichapwaje? Anayeweza kulijibu anaweza kupata kitu kizuri mno kwa fedha anazozimudu. Asiyeweza huuziwa nakala ya kamera kwa bei ya kazi halisi.

Jibu linaanzia kwenye mtambo. Enzi zile majarida yalichapwa kwa herufi za risasi, zote zikiwa na kimo kimoja, ambacho Ujerumani kilikuwa karibu milimita 23.5. Ubao wa msanii ukiwa na kimo hicho, hufungwa pamoja na herufi ndani ya fremu moja na vyote vikapigwa kwa mkupuo mmoja. Sehemu iliyoachwa juu hushika wino, iliyochimbwa hubaki nyeupe, kama muhuri wa ofisini. Chapa ya jiwe au ya bamba la shaba isingewezekana hivyo, kwa sababu kila moja ina mtambo wake na kasi yake. Ndiyo maana majarida ya wakati ule yakajaa chapa za ubao. Mhariri asiye na fedha aliweza kuwapa wasomaji wake sanaa halisi kwa gharama ya wino na karatasi aliyokwisha kuinunua.

Mhariri huyo, Herwarth Walden, alianzisha Der Sturm Machi 1910, na jarida likaishi hadi 1932. Katika mwaka wa kwanza nyota alikuwa mchoraji Oskar Kokoschka. Mwaka 1911 wakaingia watu wa kundi la wasanii la Die Brücke: Kirchner, Heckel, Schmidt-Rottluff, Pechstein. Baadaye wakaja Marc, Kandinsky na Campendonk. Hawa wa Die Brücke walikuwa wameshazoea kusambaza chapa kwa watu wa kawaida. Tangu 1906 wafuasi waliolipa ada ya mwaka, mwanzoni mark 12, walipelekewa mkoba wenye chapa halisi.

Hapa mkusanyaji anatakiwa kuwa makini, kwa sababu si kila kilichomo kwenye Der Sturm ni chapa ya ubao. Michoro ya Kokoschka ya 1910 ilichorwa kwa kalamu na wino, ikapigwa picha, kisha ikachongwa kwa asidi kwenye bamba la zinki. Ni kurasa za kihistoria na mimi nazipenda sana, lakini mkono wa msanii haukugusa bamba lile. Kuna wauzaji wanaoviita vyote "chapa halisi" bila kubagua.

Chukua lenzi inayokuza mara kumi. Ukiona nukta zilizopangwa kama chandarua, hiyo ni picha ya kamera iliyochapwa, na mjadala umekwisha. Ukiona mstari mweusi wenye ukingo mzito wa wino pembeni, ujue kitu kilichoinuka kilikandamiza karatasi. Inaweza kuwa ubao, inaweza kuwa zinki. Sasa tazama tabia ya mstari. Kalamu huanza nyembamba, hunenepa, kisha hupotelea. Kisu na patasi huacha pembe kali, vipande vya ukingo vilivyovunjika, na mara nyingine nyuzi za mbao hujitokeza kwenye weusi mpana. Washa taa ubavuni, karatasi ikiwa imelala, uone kama upande wa nyuma una mwinuko. Mwisho soma maelezo madogo chini ya picha, maana jarida lenyewe mara nyingi huandika Originalholzschnitt pale ambapo ni chapa halisi ya ubao. Nasema mwisho kwa makusudi, kwa kuwa maneno hayo hurudiwa pia katika nakala za baadaye.

Nakala hizo zipo. Mwaka 1970 kampuni ya Kraus Reprint ya Nendeln, Liechtenstein, ilichapa upya Der Sturm, na mfululizo huo umewasaidia sana watafiti. Ni mzuri kwa kusoma. Ila kurasa zake zikichomolewa na kutiwa kwenye fremu, mtu asiyezoea anaweza kudanganyika. Wino wake umelala bapa, hauna mkandamizo wowote. Karatasi nayo hujisema yenyewe chini ya taa ya urujuanimno. Kuanzia miaka ya 1950 hivi viwanda vilieneza matumizi ya kemikali za kung'arisha weupe, na karatasi yenye kemikali hizo huwaka rangi ya samawati. Karatasi ya 1912 haitakiwi kuwaka hivyo. Usilipe jaribio hili uzito kuliko linavyostahili, kwani gundi au kiraka cha ukarabati wa karibuni huweza kuwaka, na karatasi isiyowaka inaweza kuwa nakala tu iliyochapwa kwenye karatasi ya aina nyingine.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kugeuza ukurasa. Chapa iliyotoka ndani ya jarida kwa kawaida ina maandishi nyuma: shairi, uhakiki, tangazo la maonyesho. Ukiletewa "ukurasa wa Der Sturm" wenye mgongo mtupu, uliza. Huenda ni chapa ya majaribio au ya toleo la pekee, na muuzaji mwenye elimu atakueleza ni ipi. Akishindwa, mwachie.

Hilo linanifikisha kwenye jambo linaloniumiza. Majarida haya hukatwakatwa. Muuzaji hununua toleo zima, hutoa kurasa zenye picha, huzitia fremu, na masalio hutupwa. Kisheria hana kosa, na chapa anayouza ni halisi. Lakini Marc alichonga "Versöhnung" kwa ajili ya shairi, na ukurasa ulionyofolewa umetengwa na jarida lake. Maktaba nazo zilifanya yao: zilijalidi mwaka mzima kuwa kitabu kimoja, zikapunguza kingo, zikaondoa majalada na matangazo. Mimi hupendelea toleo moja lisilo na uzuri mwingi, lenye mikunjo ya posta na kona zilizopukutika, kuliko karatasi kumi safi zilizonyofolewa.

Wala usitafute weupe. Karatasi ya magazeti ilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na lignini iliyomo, kitu cha asili kinachoshikamanisha mbao, huifanya igeuke kahawia, nayo asidi huivunja nyuzi. Matoleo ya miaka ya vita, 1914 hadi 1918, mara nyingi ni mabaya zaidi. Der Sturm jeupe kabisa lazima likutie shaka: au limeoshwa kwa dawa, au si la zamani.

Uchache wa leo haukuletwa na asidi peke yake. Mei 1933 vitabu vilichomwa hadharani Ujerumani. Mwaka 1937 serikali ya Wanazi ilizoa kwenye majumba ya makumbusho kazi zipatazo 20,000 kwa jina la "sanaa iliyopotoka", na sehemu kubwa zilikuwa chapa na michoro ya karatasi. Walden mwenyewe alikuwa amekimbilia Moscow 1932, akakamatwa na utawala wa Stalin, akafa gerezani Saratov 1941. Ninaposhika toleo lililonusurika, nafikiria pia rafu ambamo lilifichwa.

Vitabu vya kifahari vya kipindi hiki navistahi. Klänge ya Kandinsky, iliyotolewa na mchapishaji Piper wa Munich mwishoni mwa 1912, ina chapa za ubao 56, kati yake 12 za rangi, na nakala zilikuwa 300 zenye namba na saini. Almanaki ya Der Blaue Reiter, kitabu cha insha na picha cha kundi la Kandinsky na Marc, ilitoka kwa Piper huyohuyo Mei 1912, ikiwa na jalada la chapa ya ubao ya Kandinsky. Anayeuziwa almanaki hiyo afungue kurasa za mwanzo: toleo la pili la 1914 lina dibaji mpya, na mara kwa mara hunadiwa kama la kwanza. Sitamshauri mtu aanzie hapo. Bei zake ni za makumbusho na matajiri, na elimu ya macho hupatikana vilevile kwenye jarida lililochakaa.

Kuna kitabu kimoja ambacho mkusanyaji Mwafrika hawezi kukipita kimya. Ni Negerplastik cha mhakiki wa sanaa wa Kijerumani Carl Einstein, kilichochapwa Leipzig 1915. Neno Neger katika jina lake, la kumwita mtu mweusi, leo ni tusi. Ndani yake kuna insha fupi na picha nyingi za vinyago, na Einstein alitetea kwamba uchongaji wa Afrika ni sanaa kamili yenye mantiki yake ya umbo, wakati wengi Ulaya waliuona kuwa vitu vya kishenzi vya maonyesho. Insha hiyo ina nguvu hadi sasa. Lakini picha hazina maelezo hata kidogo: hakuna jina la mchongaji, la kabila, la nchi, wala la aliyekimiliki kinyago. Watafiti waliozifuatilia baadaye wamekuta kwamba baadhi ya vitu hata havikutoka Afrika. Mwaka huohuo Wajerumani na Waingereza walikuwa wakipigana Afrika Mashariki, na wapagazi wetu wakifa njiani kwa maelfu. Ninacho kitabu hicho kwa sababu mambo yote mawili ni ya kweli, heshima ile na ukimya ule, na yanaonekana bayana zaidi ukikifungua kuliko ukisimuliwa. Toleo la pili ni la mchapishaji Kurt Wolff, Munich, 1920.

Kuhusu utunzaji sitasema mengi. Tumia bahasha za poliesta na masanduku ya karatasi isiyo na asidi, kaa mbali na jua, na usitumie utepe wa gundi hata ukurasa ukiwa umechanika katikati. Walioko Mombasa, Unguja au Dar es Salaam wana adui mwingine, unyevu. Karatasi ya mbao ikikaa kwenye chumba kinachotoa jasho hupata madoa ya kuvu haraka, kwa hiyo kabati lenye hewa inayopita ni bora kuliko sanduku lililofungwa kabisa.

Kabla hujanunua chochote, tazama bure. Mradi wa Blue Mountain wa Chuo Kikuu cha Princeton umeweka Der Sturm mtandaoni, na hazina ya Chuo Kikuu cha Iowa ya Dada, harakati ya sanaa ya wakati huo, ina majarida ya Zürich, Berlin na Paris. Linganisha toleo unalotaka na lililoko pale, ukurasa kwa ukurasa. Kisha mwandikie muuzaji umwombe picha nne: ukurasa mzima pamoja na kingo zake, upande wa nyuma, maelezo yaliyo chini ya chapa, na picha moja iliyopigwa mwanga ukitokea ubavuni.