Nanopatikeli ni nini, na dhahabu inaonyeshaje seli?

Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha malaria, kile kiplastiki cha kudondoshea damu pale zahanati, mara nyingi ni dhahabu. Ndiyo, dhahabu. Nilimwambia sonara mmoja hapa Langoni, Lamu, akanicheka, akaniuliza sasa vipimo vingapi vitatoa pete moja.

Siri ni udogo. Nanopatikeli ni chembe ya nanomita 1 mpaka 100 hivi, na unywele mmoja una upana wa kama nanomita 80,000, sasa piga hesabu mwenyewe. Dhahabu ikifika udogo huo, mwanga ukiipiga elektroni zake (vile vijipunje vya umeme ndani yake) zinayumba zote pamoja, kama vidau vilivyofungwa gati wimbi likipita, inameza mwanga wa kijani na wekundu ndio unabaki, na chembe zikisongamana rangi inahama kwenda zambarau. Mwanasayansi Mwingereza Faraday aliandika habari za dhahabu hii nyekundu 1857 huko London.

Haya, seli zinaingiaje? Seli tupu kwenye hadubini ni kama maji tu, huoni kitu cha maana. Kwa hiyo chembe inavishwa kingamwili, protini ya kinga ya mwili, inayonata kwenye protini fulani, tuseme EGFR ambayo seli nyingi za kansa zinayo kwa wingi, halafu zile ambazo hazijashika zinaoshwa, mwanga unapigwa kwa ubavuni, kote giza na chembe zinawaka kama taa za wavuvi usiku ukiwa Shela. Na hazipauki zikimulikwa, rangi za kawaida za maabara hupauka.

Spektroskopia sasa ni kuupasua huo mwanga na kuusoma. Ninayoipenda mie ni ya Raman, mwanafizikia Mhindi aliyekuwa melini 1921 akajiuliza kwa nini bahari ni buluu (sisi tunaitazama kila siku wala hatuulizi!), 1928 akagundua kwamba mwanga ukigonga molekuli, kasehemu kadogo sana kanarudi rangi imebadilika, na kila molekuli ina mabadiliko yake kama alama ya kidole. Shida ni kwamba ni hafifu mno, fotoni (punje ya mwanga) moja kwenye milioni 10 hivi. Ila molekuli ikikaa imegusana na chembe ya dhahabu au fedha, ishara inaweza kupanda hata mara milioni, na fedha ndiyo hupandisha zaidi, sema inaachia ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) zinazodhuru seli, kwa hiyo kwenye seli hai wengi wanabaki na dhahabu.