Mbu uani kwako Moshi: maswali ya msimu wa masika

Kila Jumamosi namwaga maji ya ndoo na madumu. Mbona mbu hawaishi?

Kwa sababu mayai yamebaki. Aedes, yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza dengue, hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hukaa makavu hata miezi, na maji yakirudi yanaanguliwa. Kwa hiyo ukishamwaga, sugua ndani kwa brashi ngumu na sabuni, hasa ule mstari wa utelezi unaoonyesha maji yalifika wapi. Suuza, kisha funika au pindua. Usiruke wiki: kwenye joto, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Na maji yenye viluwiluwi yamwage kwenye udongo mkavu, si mferejini, maana humo wataendelea kukua.

Na simtanki?

Wengi hufunga mfuniko wakasahau bomba la maji yanayofurika. Livalishe kipande cha wavu wa dirishani, ulikaze kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Usitumie chandarua chenye dawa, maji hayo mnakunywa. Kagua kila baada ya mvua kubwa, kwani majani huziba wavu. Pandisha macho na kwenye gata: likipinda katikati, maji hutuama humo bila mtu kuona.

Jirani anasema nikate migomba.

Usikate! Makwapa ya majani hushika maji, na wapo mbu wanaozalia humo, lakini si wa malaria. Mbu wa malaria anapenda maji yaliyotuama juani: dimbwi, nyayo za ng'ombe, shimo la udongo wa matofali. Fukia kwa kifusi, ushindilie.

Choo cha shimo je?

Kama kina maji, mwaga vipunje vyeupe vya povu, vile vya kujazia mito, hadi vifunike uso wote kwa unene wa sentimita 1. Viluwiluwi hukosa hewa, na mbu hapati pa kutaga. Shimo likifurika au likinyonywa, vipunje huondoka, uweke vingine. Oili chafu usiimwage: inapenya hadi kwenye maji ya ardhini.

Nikifanya yote, niache chandarua?

Hapana. Mbu wa mashamba ya mpunga ya Moshi chini huruka hadi kwako hata uani kukiwa kukavu.